Jibu: Huduma inajiwasha mara tano kisha inazima kabisa

Ndugu, kwa maelezo yako, stima ikirudi hapo Industrial Area seva inawaka, lakini huduma ya malipo inajaribu mara tano kisha inabaki chini, ilhali Restart=on-failure (iwashwe tena ikianguka kwa hitilafu) umeiweka. Mpangilio huo hauna kosa. Kosa ni haraka: systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma, husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, na huduma ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, inaiacha. Hifadhidata ambayo huduma inaitegemea bado inaamka, majaribio yamekwisha. Ndiyo maana kumbukumbu za huduma, `journalctl -u malipo`, zinakuandikia "Start request repeated too quickly".

Fungua `sudo systemctl edit malipo`, na chini ya sehemu ya [Service] ongeza pengo la sekunde 5 kati ya majaribio:

RestartSec=5

Kwa pengo hilo majaribio matano hayawezi kuingia katika sekunde 10, kwa hiyo kikomo hakifikiwi. Wapo watakaokushauri uweke StartLimitIntervalSec=0, inayoondoa kikomo hicho; mimi sioni haja hapa. Ukiitaka, iweke chini ya sehemu ya [Unit], maana kwenye [Service] inapuuzwa.

Kisha futa hali ya kushindwa na uwashe upya: `sudo systemctl reset-failed malipo`, halafu `sudo systemctl restart malipo`.

Tafadhali ijaribu kabla stima haijapotea tena, kwa kuiua huduma ghafla: `sudo systemctl kill -s SIGKILL malipo`. Usitume SIGTERM (ishara ya kuomba programu ijifunge), hiyo huhesabiwa kuwa kufunga kwa amani, na on-failure haitashtuka. Vivyo hivyo programu ikitoka na namba 0, yaani bila kosa. Kama yako hufanya hivyo hata ikikosa hifadhidata, tumia Restart=always.