Ukitaka wagawa dawa wasikukimbie, pokea simu zao usiku

Assalam alaykum jamani. Wenzangu wanaosimamia ugawaji wa dawa za kichocho wananiuliza sana, mbona wa kwenu wanarudi kila mwaka na wetu wanatuacha njiani, na wengi wanangoja niseme ni posho. Posho ntaisema, lakini mie niliyojifunza nilijifunza nikiwa mwenyewe mgawa dawa hapa Pemba, nabisha nyumba kwa nyumba na mkoba wa vidonge begani na ile fimbo ya kupimia urefu, kabla sijawa msimamizi.

Kwa asiyejua, dawa ya kichocho mitaani hatumpimi mtu kwa mzani, anasimama kwenye fimbo na urefu wake ndo unakwambia vidonge vingapi, mtoto mfupi anaanza na kimoja, mtu mrefu sana anafika vitano. Vikubwa na vichungu vile, na lazima mtu awe amekula, tumbo tupu kizunguzungu na kichefuchefu vinamuwahi.

Sasa mwaka mmoja nikampa mtoto wa jirani, wa kama miaka tisa, mama yake kaniambia keshakunywa chai, kumbe ni chai kavu tu hata kipande cha muhogo hakutia mdomoni. Kufika adhuhuri anatapika, magharibi ukumbi umejaa watu, mama analia ananambia umemtilia nini mwanangu, na mmoja kule nyuma anasema si tuliwaambia hizi ni dawa za kufunga uzazi. Nikampigia aliyekuwa juu yangu mara tatu, simu inaita haipokelewi. Wallahi sijapata kuwa mpweke kama usiku ule. Mtoto kaamka mzima anacheza, lakini mie nilishaamua narudisha fimbo yao.

Aliyenirudisha ni nesi wa kituo. Alisikia habari akaja kwa miguu yake asubuhi ile, akakaa mkekani na yule mama, akaeleza mbele ya watu wote kwamba dawa inaua minyoo iliyomo mwilini, na mwenye minyoo mingi ndo anasumbuka zaidi, na aghlabu hali ile haichukui muda inapita. Hakunitetea kwa maneno mengi, alikaa tu ubavuni kwangu mtaa mzima ukaona. Kwa hivo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndo mkubwa kuliko yote, wiki ya kugawa dawa simu yako usiizime, na ukisikia mtu katapika nenda mwenyewe usimtume mtu. Na kabla ya siku yenyewe sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na imamu wawe washatangaza, mgawa dawa asiwe yeye wa kwanza kuleta habari mlangoni.

La pili ni maswali. Wagawa dawa wataulizwa, mbona tunameza kila mwaka na kichocho hakiishi? Asipokuwa na jibu anaona haya, na mtu haendi mara mbili pahala alipoaibika. Mpe jibu: dawa inaua minyoo iliyomo, haimkingi mtu na mipya, na mtoto akirudi kuoga kule mtoni au bwawani kwenye konokono wa maji baridi anaipata tena. Baharini hakipatikani, hilo nalo wanauliza sana. Mafunzo ya nusu siku na soda hayatoshi, waache waulizane wao kwa wao, mmoja ajifanye baba mkali anayekataa watu wake wasimeze, mwengine amjibu.

Tarehe pia, jamani. Wengi wa wagawa dawa wetu ni kinamama wa mwani, na mwani unafuata bamvu, zile siku bahari inapokupwa sana, ukimwita siku za bamvu umemnyima kipato chake. Msimu wa karafuu majumba matupu, watu wako makambini, halafu hesabu ikiwa ndogo anaambiwa mvivu. Ramadhani ndo usiseme, dawa inataka chakula, sie ilibidi tuwafuate watu baada ya futari na kugawa mchana tukaacha.

Posho ilipwe siku uliyosema, basi. Ikichelewa waambie wewe kabla hawajauliza, wasiisikie dukani.

Na matokeo warudishieni. Watoto wa skuli wanatoa mikojo inapelekwa kupimwa, majibu yanakwenda ofisini, na aliyebeba dawa juani hajui kazi yake imefika wapi. Hapa Zanzibar tunagawa dawa kwa umma tangu mwaka 2001 tulipoanza na ya matende, miaka yote hiyo, sasa vipi mtu asichoke kama hajapata kuambiwa kitu? Mie nilipopata majibu ya skuli yetu niliyaandika kwa mkono, kwa Kiswahili chepesi, waliopimwa wangapi, waliokutwa na kichocho wangapi, na mwaka wa nyuma walikuwa wangapi, nikawasomea pale kituoni. Walikuwa wamepungua. Mmoja wao, bibi mwenye wajukuu wake hapo hapo skuli, akaniomba ile karatasi akaondoka nayo. Kesho yake karudi anataka mbili zaidi, moja abandike dukani, nyengine ampelekee yule jirani anayemfungiaga mlango.