Re: Nina kiwanda cha kukaanga kahawa Dar, niweke hela kwenye CPU Mbinga?

Mkuu weka hela kwenye hiyo CPU (kituo cha pamoja cha kumenya na kuosha kahawa mbivu za wakulima), ila kama unataka hela irudi msimu mmoja basi bora ununue mnadani tu uendelee na maisha. Hata ukiwapa wakulima miche, mche mpya wa kahawa unakaa kama miaka 3 ndo uanze kuzaa vizuri, sasa we unawaza faida mwakani?

Mashine yenyewe siyo tatizo, tatizo ni cash ya msimu. Mkulima akileta mbivu leo anataka hela leo, na kilo 5 hadi 6 za mbivu zinakupa kilo moja tu ya kahawa safi (iliyokobolewa, tayari kukaangwa), piga hesabu hapo. Ukichelewa kulipa kesho anamenyea kwake nyumbani kwa mashine ya mkono, we unabaki na CPU inalala. Halafu kumenya ni siku hiyohiyo, zikilala kwenye gunia zinachacha na hiyo ladha huitoi hata ukaange vipi.

Kingine, hapo Mbinga kuna magoma, mtu anauza kahawa ikiwa bado shambani sababu Januari ada inadaiwa. Ukiweza kumkopesha mbolea na ada kupitia AMCOS yao (chama chao cha msingi cha ushirika), kwa maandishi, hapo umempata. Usipite pembeni ya AMCOS aisee, utasumbuliwa. Miche chukua ya TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) inayohimili magonjwa ya chulebuni, yale yanayooza matunda, na kutu ya majani.

Maji yapo karibu na eneo unalotaka? Na ya kuoshea yataenda wapi? Usije ukayaachia mtoni.