Kinga haipandishwi

Msomaji anayetafsiri makala ya tiba ameuliza: ile ishara ambayo bila yake seli T (askari wa kinga ya mwili) haiamki vizuri, tuiite "ishara shirikishi" au "kichocheo-mwenza"? Na seli ikishaamka, "inahama" au "inasafiri"?

Iite ishara ya pili. "Shirikishi" waachie wa mikutano ya kijiji, "mwenza" wagombea urais. Ishara ya kwanza ni seli T kutambua kipande cha kijidudu. Ikibaki peke yake, seli yaweza kupumbaa. Ya pili hupitia CD28, kipokezi kilicho juu ya seli hiyo. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hiyo ni kinga ya kijinga cha moto, neno jingine kabisa, lakini somo ni hilihili.

Sasa kinachonikera: "kupandisha kinga". Kila muuza unga, juisi na vidonge anapandisha kinga, na waandishi wa afya wanaitikia! Kukinga ni kuzuia. Ni kutega chombo pia, mvua iingie. Kinga si bendera hata ipandishwe. Machi 2006, London, watu sita wenye afya walidungwa dawa ya majaribio, TGN1412, iliyoishika CD28 moja kwa moja bila kungoja ishara ya kwanza. Baada ya saa chache miili yao ilikuwa inawaka, na wote sita wakaishia kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Hao ndio waliopandishiwa kinga. Mwili wenyewe umeweka breki, CTLA-4, na dawa za saratani zinazoifungua breki hiyo huweza kuifanya kinga ishambulie utumbo wa mgonjwa. Kwa hiyo andika kinga huamshwa, huelekezwa, hutulizwa. "Kuimarisha" nitaivumilia, mradi unazungumzia chanjo. "Kupandisha" sitaivumilia kamwe.

Na kuhama? Anayehama hubeba vyombo. Seli T zilizoamshwa hutoka kwenye tezi za limfu (zile tunazoziita mitoki zikivimba) zikafuata maambukizi yalipo, na ishara ya pili ina sauti katika safari hiyo: ICOS, ndugu yake CD28, huziongoza baadhi yao hadi kwenye vifundo vya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Hizo andika "husafiri". "Huhamia" iwekee zile zinazobaki kwenye ngozi au mapafu hata ugonjwa ukiisha, maana hizo zimehamia kweli.