Punda wawili wa Nachingwea: kabla hujawafunga kamba

Ndugu yangu uliyeuliza kutoka Nachingwea, nimeisoma habari yako mara mbili. Umesema wafugaji walihama mwezi wa saba wakaacha punda wawili nje ya kijiji. Mmoja ana donda mgongoni linatoa usaha, mwingine mbavu zinahesabika ukiwa mbali. Wewe na wenzako wanne mnataka kuwachukua, muwatibu, kisha muwatafutie watu wa kuwapa, kama vikundi vya kujitolea vya Ulaya vinavyofanya kwa farasi waliotelekezwa. Umeuliza muanzie wapi.

Sisi tuko Mtama, watu saba, hakuna anayelipwa. Tangu 2017 punda kumi na mmoja wamepita mikononi mwetu. Saba wamepata makazi, wawili tunao bado, wawili walikufa. Mmoja kati ya hao wawili tulimuua sisi kwa kutojua, na ndiyo sababu ninaandika kirefu.

Farasi kwetu hawapo kwa sababu inayoeleweka. Mbung'o wa huku kusini na maradhi ya farasi ya Afrika huwamaliza upesi. Punda anayahimili maradhi hayo vizuri zaidi, na ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, anaistahimili kuliko farasi, ingawa naye inamdhoofisha. Wazee wa hapa wanakumbuka wakati ambapo punda alikuwa mnyama wa kusimuliwa tu. Punda wengi wamekuja na wafugaji, hasa baada ya 2006 na 2007 walipoondolewa bonde la Usangu na mifugo yao ikaletwa Kilwa, Lindi, Nachingwea na Liwale. Kwa hiyo jirani anayempiga punda mawe shambani kwake mara nyingi hana ukatili. Ni mkulima wa ufuta na korosho ambaye hajui mnyama huyu anakula nini, anaumwaje, wala ni wa nani.

Swali la ni wa nani ndilo la kwanza. Msiwachukue kesho. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, afisa mifugo wa kata awepo, iandikwe kwamba punda wawili wameonekana bila mwenyewe, rangi yao, jinsia, alama za chapa kama zipo, na tangazo libandikwe. Mwaka wetu wa pili tulimkuta punda porini karibu na Mingoyo, tukamswaga hadi nyumbani tukiwa tumefurahi. Siku ya tatu mwenyewe akaja na mgambo, akatuita wezi wa mifugo, na sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Tuliachiwa kwa sababu yule mzee alikuwa muungwana. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayokataza kumtesa mnyama na kumtelekeza, lakini haikupi wewe raia ruhusa ya kumchukua. Huko barazani mnapopita, mkimaliza la kijiji, mwoneni pia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Kikundi chenye katiba na usajili husikilizwa, na siku mkitaka kumpeleka punda wilaya nyingine mtahitaji kibali cha kusafirisha mifugo.

Wakati mnasubiri, wapelekeeni maji palepale walipo. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

Sasa kuhusu chakula, na hapa naomba unisikilize sana. Punda wetu wa kwanza alikuwa dume la kahawia, amekonda hadi mifupa ya nyonga imechomoza. Tulimhurumia. Tukamwekea ndoo nzima ya pumba za mahindi jioni, akamaliza, tukamwekea nyingine asubuhi, tukapiga picha. Siku ya tatu alilala, akawa anageuza shingo kutazama ubavu wake, akabingirika, akaamka, akalala tena. Alikufa kabla ya adhuhuri. Afisa mifugo aliyekuja baadaye alitueleza bila kutulaumu: tumbo lililokaa na njaa muda mrefu haliwezi kupokea wanga mwingi kwa mpigo, na mwili mzima unavurugika, siyo tumbo peke yake. Mpaka leo nikiona ndoo ya buluu nakumbuka.

Kwa hiyo punda aliyekonda mpe nyasi kavu na majani makavu ya karanga, konzi chache, mara sita kwa siku, ikiwezekana na usiku mmoja wenu aamke. Majani ya karanga yawe hayana ukungu hata kidogo. Nusa kabla ya kumpa. Pumba subiri wiki mbili au zaidi, ukianza anza na kikombe. Mashudu ya ufuta, ambayo kwetu yapo tele na watu watakushauri uyatumie, yaache kabisa mwanzoni. Maji yawe mbele yake wakati wote, pamoja na jiwe la chumvi. Msipime kwa macho, maana mtu anayemwona kila siku haoni tofauti. Chukueni kamba, mzungusheni kifuani nyuma ya miguu ya mbele, mfunge fundo, na kila wiki mbili mlinganishe. Jike letu la kijivu, tulilompata Ruangwa, lilichukua miezi mitano kurudi hali yake.

Kuna jambo la kinyume ambalo watu hawalitarajii. Punda akikataa kula siku mbili, hata aliyenenepa, ni hatari. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu kiasi kwamba ini na figo vinashindwa. Na punda huficha maumivu. Ng'ombe atalia, mbuzi atapiga kelele, punda atasimama tu ameinamisha kichwa, nawe utadhani amepumzika. Ukimwona ametulia kupita kawaida na majani yako mbele yake, mpigie simu afisa mifugo saa ileile. Tazama pia chini ya mdomo wake. Ukikuta vifundo vya majani yaliyotafunwa nusu yakatemwa, meno yanamchoma, na hata umpe chakula cha namna gani hatanenepa mpaka yashughulikiwe.

Donda la mgongoni linaogopesha kwa macho lakini ndilo rahisi zaidi ukiwa na subira. Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, osha asubuhi na jioni. Nyoa manyoya yanayozunguka. Tumetumia asali safi baada ya kuosha na imefanya kazi nzuri. Usipake oili chafu ya gari, usipake majivu wala unga wa betri. Najua kila mtu atakwambia oili inafukuza nzi. Inaunguza nyama changa inayoota, na donda la mwezi mmoja linakuwa la miezi minne. Mwombe afisa mifugo chanjo ya pepopunda pia. Jina lenyewe la ugonjwa linakuonya, na kidonda kichafu ndiyo mlango wake.

Kosa letu la pili kubwa lilikuwa dawa ya kupe. Mfugaji jirani alituletea kwa wema ile anayowapulizia ng'ombe wake, yenye kemikali iitwayo amitrazi ndani. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri. Kwa punda na farasi inausimamisha utumbo, chakula kinagandamana, anaumwa tumbo kwa siku nyingi. Jike letu la kijivu lilikaa siku nne bila kupata choo, tukilitembeza, tukilinywesha, na afisa mifugo akija asubuhi na jioni kwa pikipiki yake. Lilipona. Tangu siku hiyo hakuna dawa inayoingia zizini kabla hatujasoma kibandiko na kuuliza kama inafaa punda. Vivyo hivyo dawa za ndorobo: kipimo cha ng'ombe usimkisie punda. Kama homa inakuja na kuondoka, ufizi umepauka na anazidi kukonda ingawa anakula, damu ipimwe kwanza, sampuli inaweza kupelekwa maabara ya mifugo Mtwara.

Kwato zikiwa zimerefuka na kupinda kama ndala, msizikate zote siku moja. Kidogo kidogo, kila wiki sita hadi nane, na anayekata awe amewahi kufanya hivyo.

Nimesema wawili walikufa. Wa pili aligongwa na lori, goti likasagika. Tulibishana sana usiku ule, wengine wakisema tumwombee, tumfunge vipande vya mianzi. Nilikuwa nimesoma habari za Dorothy Brooke, mwanamke Mwingereza aliyefika Cairo mwaka 1930 akawakuta farasi wa jeshi walioachwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakivuta mizigo wakiwa vipofu na vilema. Alichangisha fedha akanunua farasi kama 5,000, na wengi wao aliwanunua ili wapumzishwe bila maumivu, kwa kuwa walikuwa wamechoka kupita kurudishwa. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama wa kazi palepale Cairo. Asubuhi tulimwita daktari wa mifugo wa wilaya, akamaliza kwa sindano. Kikundi chenu kitafika kwenye usiku kama ule, kwa hiyo kubalianeni sasa hivi nani ana neno la mwisho. Sisi tulimpa daktari.

Nije kwenye kuwagawa, kwa kuwa hapo ndipo uliposema hamna wasiwasi, nami ndipo ninapowaogopea. Watu wa kuchukua punda wa bure hawakosekani. Msimu wa korosho ukikaribia tunapigiwa simu na watu hatuwajui. Mwaka mmoja alikuja mtu akitaka wote, bila kuuliza umri wala afya. Huyo alitaka ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa kutengenezewa gundi ya dawa ya asili ya Kichina, na biashara hiyo imemaliza punda wengi Afrika hata Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kuusitisha uchinjaji huo kwa miaka 15. Makubaliano ya Addis hayamlindi punda aliyefungwa nyuma ya nyumba ya mtu Liwale. Anayemlinda ni yule anayekwenda kumtazama.

Kwa hiyo sisi hatutoi moja kwa moja. Tunakabidhi kwa karatasi mbele ya mtendaji: punda anabaki mali ya kikundi, hauzwi, haazimishwi, tunaruhusiwa kuja bila kutoa taarifa. Kabla ya hapo tunakwenda kwake mwezi wa tisa au wa kumi, nyasi zimekauka na visima vimeshuka. Aliye na maji na malisho wakati huo tunazungumza naye. Mwezi wa pili kila mtu ana nyasi. Dume tunalihasi kwanza. Jike tunamwomba daktari alipime mimba, kwa sababu punda hubeba kama miezi kumi na miwili na jike lililokonda linaweza kuwa nayo bila nyinyi kujua. Lile la kijivu lilitushangaza alfajiri moja kwa kuzaa.

Na hao wawili wako msiwatenganishe. Nakuomba sana. Punda waliokaa pamoja huwa kama pacha. Tuliwahi kumpa mtu mmoja, tukambakiza mwenzake, na aliyebaki alisimama langoni akitazama njia, hakugusa chakula. Siku ya pili jioni tulikodi gari kumrudisha aliyekwenda. Tangu hapo tumetoa jozi tatu, na mmoja peke yake kwenye boma ambalo lilikuwa na punda tayari.

Kuna mzee wa kule njia ya Rondo ambaye watu walitushtakia. Punda wake alikuwa na madonda mawili, moja kila upande wa uti wa mgongo. Tulikwenda tumejiandaa kwa ugomvi. Tukamkuta anambebesha madumu manne ya maji, lita 20 kila moja, yaani kilo 80 kwa mnyama ambaye mwenyewe hafiki kilo 150, na sogi yake, yaani tandiko la mizigo, ni kamba ya nailoni iliyopita juu ya mfupa. Alituuliza, "Sasa mwanangu, maji nichote na nini?" Hatukumchukua punda wake. Tulimshonea mito miwili ya magunia iliyojazwa majani makavu, inakaa ubavuni huku na huku na kuacha nafasi katikati ili uti usiguswe. Tukakubaliana madumu mawili kwa safari, na wiki tatu za kupumzika wakati donda linafunga, vijana wetu wakimchotea maji kwa baiskeli. Ilikuwa kazi kuliko kuokoa yeyote wa hao kumi na mmoja. Leo akituona anatuletea mihogo, na punda wake mgongo umeota manyoya meupe pale palipokuwa na madonda.

Ndiyo maana nakuuliza kitu ambacho hukukiandika: mmewahi kumpigia simu yeyote katika wale wafugaji? Inawezekana waliwaacha kwa kuwa hawakuweza kutembea, na wanafikiri wamekwisha kufa. Balozi wa nyumba kumi au mnunuzi wa ng'ombe mnadani atakuwa na namba ya mmoja wao.

Kesho nendeni na ndoo mbili za maji, chumvi, na mmoja wenu anayeweza kukaa chini bila kelele hata nusu saa. Kamba iacheni nyumbani. Mtazameni yule mwenye donda akinywa, muone kama mwenzake anamsubiri, kisha utuandikie hapa kwato zikoje na kama kuna majani yaliyotemwa chini. Nitakuwepo jioni.