Kijana mwenye dalili za BPD: tunajibu wazazi wa Nairobi

BPD (kwa Kiingereza Borderline Personality Disorder) ni tatizo la haiba. Hisia hupanda kwa kishindo, hofu ya kuachwa haiishi, urafiki huvunjika na kuungana tena, na wengi hujiumiza. Haya ni maswali ya wazazi na majibu yetu.

Binti yangu ana miaka 15. Mshauri mmoja aliniambia BPD haitambuliwi kabla ya miaka 18. Ni kweli? (Mama, Umoja)

Si kweli, mama. Mwongozo wa DSM-5 unaotumiwa na madaktari wa akili unaruhusu, mradi dalili zimedumu angalau mwaka mmoja. Zimeorodheshwa dalili 9, na zinahitajika 5 au zaidi. Madaktari wengine husita kwa sababu ujana wenyewe una misukosuko, tena jina hili hubeba unyanyapaa. Wana haki ya kusita kuandika jina, lakini kusita huko kusimnyime mtoto matibabu. Muulize daktari: "Ni dalili zipi tunaanza kutibu leo?"

Nianzie wapi, na niende na nini? (Baba, Kayole)

Hospitali ya Mama Lucy iko karibu nawe. Muone daktari pale, uombe barua ya rufaa kwenda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyo barabara ya Thika, au idara ya afya ya akili ya Hospitali Kuu ya Kenyatta. Ukifika, ulizia daktari wa akili anayeshughulikia watoto na vijana. Ukienda kliniki ya kibinafsi, hakikisha daktari amesajiliwa na KMPDC, baraza linalosajili madaktari, na mwanasaikolojia na bodi ya washauri na wanasaikolojia iliyoundwa kwa sheria ya 2014.

Cha kubeba ni daftari. Kwa wiki mbili au tatu andika saa, kilichotangulia, alichofanya na jinsi ilivyoisha. Kwa mfano: "Jumanne saa mbili usiku. Rafiki hakujibu ujumbe. Akalia, akavunja kikombe, akasema hakuna anayempenda. Saa nne alikuwa akicheka na ndugu yake."

Hizo saa mbili kati ya kilio na kicheko zina uzito kuliko unavyodhani. Kwenye BPD hisia hugeuka ndani ya saa chache, mara nyingi baada ya jambo kati yake na mtu. Kwenye baipola, ugonjwa mwingine wa akili unaofananishwa na BPD, kipindi cha kuchangamka kupita kiasi hudumu siku 4 au zaidi mfululizo, na mgonjwa hulala kidogo bila kuchoka. Mzazi akisema tu "hisia zake hubadilika-badilika" na kuishia hapo, kijana anaweza kutoka na dawa za baipola asizozihitaji.

Taja pia kifafa, jeraha la kichwa, bangi au pombe, dhuluma yoyote aliyopitia, na magonjwa ya akili katika ukoo. Kisha toka nje, umwache azungumze na daktari peke yake. Usitarajie jibu siku ya kwanza. Tathmini nzuri huchukua vikao kadhaa.

Kuna dawa? (Dada mkubwa, South B)

Hakuna iliyoidhinishwa kwa BPD yenyewe. Dawa akipewa ni za sonona, wasiwasi au tatizo jingine linaloandamana nayo, kwa hiyo ulizia kila moja ni ya dalili gani na itatumiwa hadi lini. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo. Inayojulikana zaidi ni DBT (Dialectical Behaviour Therapy), inayofundisha stadi za kutuliza hisia, iliyoanzishwa na Marsha Linehan wa Marekani: kijana ana kikao chake kila wiki, na kundi la kujifunza stadi ambalo mzazi huhudhuria pia. Muulize mwanasaikolojia kama amefunzwa DBT na kama anaendesha kundi. Usipompata, mmoja anayemwona kila wiki bila kukatiza ni bora kuliko kuhamahama.

Anajikata mapajani. Shangazi yake anasema anatafuta kuonekana, tumchape. (Mama, Kawangware)

Tafadhali msimchape. Wengi hujikata ili kutuliza maumivu ya ndani, na huficha. Ndiyo maana amechagua mapaja. Badala ya "umekosa nini kwetu?", mwambie: "Naona leo umeumia sana. Niko hapa." Kisha nyamaza. Mambo ya simu, masomo na adhabu yangoje hadi atulie.

Fungieni wembe, sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mimea na dawa zote za nyumbani. Panadol hudharauliwa, na hilo hututia hofu sana. Aliyemeza nyingi anaweza kuonekana mzima siku nzima huku ini likiharibika. Mpelekeni hospitali papo hapo na pakiti mkononi, msimtapishe. Dawa ya kuzuia madhara hayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu ameze.

Msizuiwe na hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai (Penal Code), kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa ushauri wa simu bila malipo, piga 116 ya watoto au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Shule ya bweni inataka kumfukuza. (Baba, Lang'ata)

Omba kikao na mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha. Barua ya daktari si lazima itaje jina la ugonjwa. Itaje mahitaji: ruhusa ya kutoka darasani dakika 10 kumwona mwalimu fulani, dawa zikae kwa muuguzi, na nani akupigie simu mambo yakiharibika. Akichapwa au kudhalilishwa, kumbusha shule kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza yote mawili. Kwa maoni yetu, shule ya kutwa inamfaa zaidi kwa sasa, maana kikao cha kila wiki hakiwezekani kwa mwanafunzi anayesubiri likizo fupi ndipo atoke getini.