Kioo Kipumzike Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Botox ya Mara ya Kwanza

Swali: Shikamoo Shangazi. Juzi nimechomwa Botox kwa mara ya kwanza, kwenye paji la uso na hapa katikati ya nyusi, maana kwa hizi ndita zangu kila mtu alikuwa ananiuliza nimekasirika nini. Leo ni siku ya tatu, nakunja uso unakunjika vilevile, halafu kuna mahali damu imevilia juu ya nyusi ya kushoto na kichwa kinauma kwa mbali. Nimeibiwa? Nirudi waniongeze? – Mwenye Ndita

Jibu: Marahaba mwanangu. Siku ya tatu huwezi kujua kama umeibiwa, na kurudi kuongezwa leo ndo kitu cha mwisho ningekushauri.

Hiyo dawa ni protini inayotokana na bakteria, haijazi mkunjo wala haivuti ngozi, inachofanya ni kuingia kwenye ncha za neva na kuzuia ule ujumbe wa "jikunje" usifike kwenye msuli. Sasa hiyo kazi haifanyiki papo hapo. Wengi wanaanza kuhisi mabadiliko siku ya tatu mpaka ya tano, wengine wiki inaisha ndo wanashtuka, na matokeo yenyewe unayahesabu kwenye siku ya 14 hivi. Kabla ya hapo kioo kinakudanganya tu.

Mimi yangu niliijua siku ya tano. Nimekaa nasoma meseji ya mtu amenitibua kwelikweli, nikataka kukunja ndita kama kawaida yangu, nyusi zikagoma, nikajishika paji la uso kwa vidole viwili nikasukuma, wapi! Hasira imejaa kifuani na uso umetulia kama wa mtu anayesubiri chai. Nilicheka peke yangu. Afu kuna ule uzito, kama umefungwa kitambaa kichwani kimebana kidogo, huo hakuna aliyeniambia kabla na ulinisumbua siku kadhaa mpaka nikauzoea.

Kwa nini usiongezwe sasa hivi? Kwa sababu ya kwanza bado haijamaliza kazi, ukiweka nyingine juu yake ikija kukolea yote kwa pamoja utakuwa na nyusi nzito zimekulalia machoni, na dawa hii ikishaingia haitolewi. Fila ya asidi ya hyaluroniki, ile ya kujazia mikunjo, ina dawa ya kuiyeyusha, hii haina, unasubiri iishe yenyewe. Ndo maana mchomaji anayejua kazi yake anakuita wiki ya pili akuangalie, akiona panahitaji kuguswa anaongeza kidogo. Kama wa kwako hakukupa tarehe ya kurudi, mpigie umuulize.

Hiyo damu kuvilia ni sindano imegusa mshipa mdogo, itabadilika rangi na kuondoka ndani ya siku kadhaa mpaka wiki moja au mbili, ifunike na mekapu taratibu bila kukandamiza. Kichwa kuuma nako kupo siku za mwanzo, parasetamoli inatosha kwa wengi. Ila kama maumivu ni makali au hayaishi, muone daktari, usijitibu kwa kunisoma mimi.

Swali: Shangazi mi wangu ni wa leo. Nimeambiwa nisilale, nisifanye mazoezi, nisiguse uso, sasa nikae kama sanamu? – Mpenda Jimu

Jibu: Pole, ila siyo maisha yote hayo. Wachomaji wengi wanasema usilale chali wala kifudifudi kwa kama saa nne, mazoezi ya nguvu yasubiri mpaka kesho yake, sauna na masaji ya uso ziweke pembeni siku chache. Lengo ni dawa ikae pale ilipowekwa isihamie msuli wa jirani. Nitasema ukweli, hili la saa nne ni tahadhari zaidi kuliko kitu kilichothibitishwa sana, lakini saa nne ni nini bwana, angalia tamthilia mbili umekaa. Kusugua ndo usisugue kabisa. Na vile vivimbe vidogo kama umeumwa na mbu huwa vinashuka ndani ya nusu saa hivi, kwa hiyo usivibonyeze.

Swali: Siku ya 11 leo. Paji la uso limelainika vizuri ila nyusi zangu zimepanda kwa pembeni, nafanana na jini wa katuni. Dada yangu ananicheka. – Jini

Jibu: Mwambie dada akome. Hiyo inatokea msuli wa paji ukilegezwa katikati huku pembeni ukabaki na nguvu zake zote, basi unavuta nyusi juu peke yake. Kurekebisha ni rahisi, tone dogo pale pembeni kwenye ile ziara ya wiki ya pili na nyusi zinashuka. Kinachosumbua zaidi ni kinyume chake, kope la juu kuning'inia jicho likaonekana limesinzia. Hiyo haiwapati wengi, inatokea dawa ikifikia msuli unaoinua kope, inaisha yenyewe baada ya wiki kadhaa na daktari anaweza kukuandikia matone ya macho ya kulinyanyua kidogo wakati unasubiri.

Na hapa naomba nisitanie. Ukianza kushindwa kumeza, sauti ikabadilika, ukaona vitu viwiliviwili, ukahisi mwili mzima hauna nguvu au pumzi inakuwa nzito, usinitumie swali, kimbia hospitali muda huohuo. Ni nadra sana kwa dozi za urembo, lakini inaweza kutokea saa chache au hata wiki kadhaa baada ya sindano, na mtu anakuwa ameshasahau kabisa kwamba alichomwa. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa misuli kama myasthenia gravis, haya mambo yaacheni.

Swali: Ikiisha, mikunjo inarudi mara mbili? Mama mdogo kasema hivyo. – Mwoga

Jibu: Mama mdogo na heshima zake zote, hapana. Inakaa kama miezi mitatu mpaka minne, uso unaanza kucheza kidogokidogo na unarudi ulivyokuwa, ila wewe umeshazoea ulaini kwa hiyo ya zamani unaiona mipya. Ile mikunjo inayoonekana hata ukiwa umetulia, iliyochimba kabisa, inaweza kupungua lakini usitegemee ifutike kwa sindano moja.

Tena hii dawa ilianzia machoni. Daktari wa macho wa Vancouver, Kanada, Jean Carruthers, alikuwa anatibu kope zinazojifungafunga zenyewe, mgonjwa mmoja akalalamika mbona leo hujanichoma hapa katikati ya nyusi, ukinichoma hapo uso wangu unatulia. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaandika matokeo yao mwaka 1992, na Marekani ikaja kuruhusu itumike kwa ndita mwaka 2002. Kwa hiyo Mwenye Ndita, kesi yako ndo ileile iliyoanzisha mambo yote haya. Niandikie siku ya 14.