Karaweik ya Yangon haing'oi nanga, usitume hela

Mkuu, usitume hiyo hela! Umeuliza kama ulipie mapema "safari ya jioni ndani ya mashua ya mfalme" anayokuuzia wakala pale Karaweik, ukumbi wa chakula na ngoma mjini Yangon, Myanmar. Nakujibu mimi, maana ndilo lililonila.

Karaweik haiendi popote. Ni jengo la zege, limesimama ukingoni mwa ziwa Kandawgyi, upande wa mashariki, tangu miaka ya 1970. Msanifu wake, U Ngwe Hlaing, aliiga Pyigyimun, mashua ya wafalme wa Burma (ndiyo Myanmar ya leo), ndiyo maana mbele kuna ndege wawili wakubwa wa dhahabu na juu paa la ghorofa ghorofa. Mimi niliuziwa kwa neno hilohilo, "safari", kabla ya mapinduzi ya 2021. Nikalipa yote nikiwa bado nyumbani. Nimefika giza limeshaingia, nikapelekwa moja kwa moja ukumbini. Chakula cha kujipakulia, ngoma, vibaragosi vya nyuzi, na mimi nasubiri tuondoke. Watu walipoanza kuaga ndipo nikamuuliza mhudumu tunang'oa nanga saa ngapi. Maskini, hakujua anijibu nini.

Wale wachezaji ni hodari, sina neno nao. Hasira zangu ni kwa wakala. Alijua! Nilipombana akaniambia "safari" ni lugha ya biashara tu. Lugha ya biashara gani hiyo? Ukimuuzia mtu safari, kitu kiende!

Na hela siyo hasara kubwa kuliko zote. Uzuri wote wa Karaweik uko nje, na ukishaketi ndani huwaoni tena wale ndege. Kwa hiyo nenda mchana, kwa miguu, kabla hujalipia chakula chochote. Tembea bustanini kandokando ya ziwa hadi upate pembe ambapo Karaweik iko mbele yako na Shwedagon, ile pagoda ya dhahabu, inang'aa kwa mbali nyuma yake. Ukishashiba macho, amua kuhusu chakula na ulipie palepale.

Mashua ya kweli yenye umbo la ndege iko kwenye ziwa jingine la Myanmar, Inle, wakati wa sikukuu ya pagoda ya Phaung Daw Oo, Septemba au Oktoba. Inabeba sanamu za Buddha, ikivutwa na mitumbwi ya watu wanaopiga kasia kwa mguu.

Huyo wakala wako mwambie akuandikie mashua inaondoka saa ngapi na inatia nanga wapi. Asipojibu, usimtumie hata senti.